EDSGER DIJKSTRA: MTU ALIYEIFUNDISHA TARAKILISHI KUGAWA NAFASI

Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita, washairi na wanariadha. Si vibaya, hata mimi huzisoma kurasa hizo kabla ya nyingine. Lakini mwaka huu nitawasimulia habari za mtu ambaye hakupigana vita, hakutunga shairi wala hakukimbia mbio zozote, na bado kazi yake imo mfukoni mwa karibu kila mzazi hapa Kericho na Bomet. Mtu huyo ni Edsger Wybe Dijkstra, Mholanzi. Jina la ukoo lisiwatishe. Litamkeni Daikstra, yatosha.

Nimemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo wengi wetu hatuulizi. Simu inaweza kupiga picha, kupokea ujumbe na kucheza wimbo kwa wakati mmoja. Kamera inataka mahali pa kuweka picha. Kile kifaa cha kunasa mtandao kinataka mahali pa kuweka ujumbe unaoingia. Spika nayo inataka mahali pa kuchota sauti. Mahali penyewe ni pamoja tu, yaani kumbukumbu ya simu, nayo ina kikomo chake. Sasa nani anagawa? Kuna programu moja iliyo chini ya programu zote, ambayo huitwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, na hiyo ndiyo yenye kusema wewe kaa hapa, wewe ngoja kidogo, na wewe nafasi yako imekwisha. Kiini kikigawa ovyo, kamera itaandika picha yake juu ya ujumbe wa mtu, au vifaa vyote vitasimama vikingojeana mpaka mwenye simu aizime kwa hasira.

Dijkstra hakuwa mtu wa pekee kulishughulikia jambo hili. Waingereza wa Manchester walikuwa wamekwisha kugawa kumbukumbu ya tarakilishi yao, Atlas, katika kurasa kufikia mwaka wa 1962. Lakini Dijkstra ndiye aliyeshikilia kwamba ugawaji huo lazima uthibitishwe, kama vile tunavyothibitisha nadharia ya Pythagoras darasani, wala si kubahatisha halafu kungoja uharibike.

Alizaliwa Rotterdam tarehe 11 Mei 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia. Mama yake alikuwa mwanahisabati hodari ingawa hakuajiriwa popote, na inasemekana mtoto alirithi kwake ile tabia ya kutafuta jibu fupi na safi. Siku 3 baada ya Edsger kutimiza miaka 10, ndege za Ujerumani zililipua Rotterdam na kuiteketeza sehemu ya katikati ya mji. Utoto wake uliobaki ulikuwa wa vita. Hata hivyo alisoma, na alipomaliza shule ya upili mwaka wa 1948 alitaka kusomea sheria ili siku moja aiwakilishe nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Alama zake za sayansi zilikuwa za juu mno. Wazazi na walimu wakamshawishi, naye akaenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma hisabati na fizikia. (Wanafunzi wa kidato cha pili mnaochagua masomo, mwaona kwamba jambo hili la kushawishiwa halikuanza na nyinyi.)

Mwaka wa 1951 baba yake aliona tangazo la kozi ya majuma 3 kule Cambridge, Uingereza, ya kufundisha jinsi ya kuiandikia tarakilishi maagizo. Kijana akaenda. Mwezi wa Machi 1952 akaanza kazi katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, mtu wa kwanza nchini Uholanzi kuajiriwa kama mwandishi wa programu. Hapo aliwakuta mafundi wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, waliokuwa wakijenga mashine kwa mikono yao. Utaratibu wao ulikuwa hivi: mafundi wanajenga mashine, na wakati huo huo Dijkstra anaandika programu za mashine ambayo bado haipo. Kwa hiyo iliwabidi waandikiane maelezo kamili ya jinsi mashine itakavyotenda, na maelezo hayo yakawa mkataba. Fundi hana ruhusa ya kuyakiuka na mwandishi wa programu haruhusiwi kudai zaidi ya yaliyoandikwa. Kwa maoni yangu Dijkstra wote amezaliwa katika mkataba huo. Maisha yake yote yaliyofuata alidai watu waandike kwanza kile wanachoahidi, kisha waonyeshe kwamba wametimiza.

Baada ya miaka 3 alifika njia panda. Fizikia ilikuwa na heshima, na kuandika programu hakukuwa na jina hata kidogo. Alimwendea mkuu wake, Adriaan van Wijngaarden, akamweleza wasiwasi wake. Mkuu akakubali kwamba kweli fani hiyo bado haikuwepo, ila tarakilishi zilikuwa zimekuja kukaa, na huenda kijana huyu akawa mmoja wa watakaoifanya fani iheshimike. Dijkstra aliondoka katika ofisi hiyo akiwa mtu mwingine. Alimaliza digrii yake haraka, basi, fizikia akaiacha. Mwaka wa 1957 alipomwoa Ria Debets, sheria ilimtaka ataje kazi yake. Akasema yeye ni mwandishi wa programu. Wakuu wa mji wa Amsterdam wakakataa, ati hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi cheti cha ndoa kiandikwe kwamba bwana harusi ni mwanafizikia.

Jambo lililomletea sifa kubwa alilifanya akiwa ameketi. Mwaka wa 1956 kituo chao kilitaka kuionyesha hadharani tarakilishi mpya iliyoitwa ARMAC, na Dijkstra alitafuta swali ambalo hata mtu asiyejua hisabati angelielewa. Asubuhi moja alikuwa na Ria mjini Amsterdam, wakachoka na kuketi nje ya mkahawa wanywe kahawa. Akawaza: ni ipi njia fupi kabisa kutoka mji mmoja hadi mwingine? Kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akapata mbinu. Alichagua miji 64 ya Uholanzi, kwa sababu namba 64 huenea katika tarakimu 6 za sufuri na moja, na kumbukumbu ya mashine haikuwa ya kuchezea. Hebu fikiria mtu anayetoka Kericho kwenda Bomet. Kuna barabara ya Litein, Kapkatet na Kaplong, na kuna njia nyingine nyingi za ndani zinazopita kwenye mashamba ya chai. Mbinu ya Dijkstra haihitaji kujaribu kila njia mpaka mwisho. Inaanza pale ulipo, inashika mahali palipo karibu zaidi, inapafunga, kisha inaendelea na panapofuata kwa ukaribu. Aliichapisha mwaka wa 1959 katika makala ya kurasa 3 tu, na mpaka leo mbinu hiyo hufundishwa vyuoni dunia nzima.

Lakini mimi sikukusudia kuandika juu ya barabara. Turudi kwenye vifaa.

Tarakilishi za mwanzo zilikuwa kama karani mmoja mvumilivu. Akitaka kusoma utepe wa karatasi wenye matundu, anasimama kando ya kifaa na kungoja. Akitaka kuchapa, anasimama tena. Mashine inayoweza kupiga hesabu maelfu kwa nukta inakaa bure ikisubiri chuma kisogee. Loopstra na Scholten walipobuni mashine iliyofuata, X1, walitaka kumaliza upotevu huo. Kifaa kifanye kazi yake peke yake, na kikimaliza kibishe hodi. Mashine iache inachofanya, ikihudumie kifaa, kisha irudi pale pale ilipoachia. Hodi hiyo huitwa kikatizo.

Sisi tunaweza kusema, si jambo zuri hilo? Dijkstra alipolisikia aliingiwa na hofu. Chukua mfano wa mwalimu anayefundisha, halafu mlango unabishwa wakati wowote, katikati ya neno lolote. Mwalimu asipohifadhi kwa makini alipofika, akirudi atafuta asichopaswa kufuta. Ubaya zaidi, kosa lenyewe halirudiwi. Leo hodi imepigwa katikati ya mstari wa tatu na kila kitu kikaharibika, kesho itapigwa kwenye mstari wa nne na kila kitu kitakuwa sawa. Utalitafutaje kosa ambalo ukiliangalia linajificha? Dijkstra alikataa kuwapa mafundi kibali, akawachelewesha kwa miezi kadhaa, mpaka wakamshawishi kwa kumsifu kwamba yeye anaweza. Akaketi, akaandika programu ya kupokea vikatizo, akahakikisha kwa hoja kwamba haidhuru hodi ipigwe lini, hakuna kitakachopotea. Kazi hiyo ndiyo iliyompa shahada ya udaktari mwaka wa 1959. Nadhani huu ndio ushujaa wake wa kweli, kuliko ule wa mkahawani. Aliogopa, na badala ya kujifanya haogopi, akaitumia hofu yake kama kipimo cha kazi.

Mwaka wa 1960 yeye na mwenzake Jaap Zonneveld walitengeneza programu ya kutafsiri lugha ya ALGOL 60, mojawapo ya za kwanza duniani. Walikuwa wamekubaliana wasinyoe ndevu mpaka kazi iishe. Ilipokwisha Zonneveld akanyoa. Dijkstra akabaki na ndevu zake hadi kufa.

Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati. Huko chuo kilinunua tarakilishi ya Electrologica X8, na yeye na wenzake wachache wakaanza kuijengea mfumo wa uendeshaji uliokuja kuitwa THE, kwa herufi za kwanza za jina la chuo. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu.

Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 32,768, kila neno likiwa na tarakimu 27 za sufuri na moja. Picha moja ya simu ya leo inaizidi kumbukumbu hiyo yote mara nyingi. Kando yake kulikuwa na ngoma ya sumaku, yaani pipa linalozunguka, lenye maneno mara 16 zaidi ya hayo. Ila ngoma ilikuwa ya polepole. Mzunguko mmoja ulichukua milisekunde 40, na katika muda huo kumbukumbu ya haraka ingeweza kusomwa mara 16,000. Halafu kulikuwa na vifaa: visomaji 3 vya utepe, vya herufi 1,000 kwa sekunde, vitoboaji 3 vya utepe, vya herufi 150 kwa sekunde, mashine za kuchapia mbili, kichapishi cha mistari, na mashine ya kuchora grafu. Kila kimoja na mwendo wake, na programu za watu kadhaa zikivitaka vyote pamoja.

Sisi watoto wa nchi ya chai tunalielewa tatizo hili kuliko tunavyodhani. Mchumaji analeta majani kwa mwendo wake. Lori la kiwanda linakuja kwa mwendo wake. Kiwanda chenyewe kina vitanda vya kunyaushia ambavyo havizidi idadi fulani. Ndiyo maana kuna kituo cha majani katikati, ambapo majani hupimwa na kuwekwa mpaka lori lifike. Kituo hicho, kwa lugha ya tarakilishi, ndicho bafa. Bafa ni nafasi ya kumbukumbu inayotengwa kati ya kifaa na programu ili yule mwepesi asimngoje mzito na mzito asimzamishe mwepesi. Na kama ujuavyo, kituo kikijaa na lori lisije, majani yakirundikwa hupata moto, hugeuka mekundu, na jasho la mama limepotea. Kumbukumbu nayo ni vivyo hivyo. Ujumbe ukifika kutoka mtandaoni na hakuna nafasi iliyotengwa, hutupwa.

Dijkstra alipanga mfumo wake kama ghorofa. Ya chini kabisa iligawa muda wa mashine na kupokea vikatizo. Juu yake ikakaa ile iliyogawa kumbukumbu, ikihamisha kurasa kati ya kumbukumbu ya haraka na ngoma. Ya tatu ilishughulikia mazungumzo na mwendeshaji wa mashine. Ya nne ilitunza bafa za vifaa. Programu za watumiaji zilikaa juu ya hizo zote. Utaona kwamba bafa za vifaa ziliwekwa juu ya ugawaji wa kumbukumbu, si kando yake. Maana yake, kifaa hakina shamba lake la urithi katika kumbukumbu. Kinaomba kurasa kama wengine, na data yake ikizidi hupelekwa kwenye ngoma ingoje zamu. Tena kila ghorofa ilithibitishwa na kujaribiwa kabla ya inayofuata kujengwa juu yake.

Ili programu zisikanyagane alibuni kitu alichokiita semafori, jina lililotoka kwenye zile ishara za reli. Reli ya Nakuru hadi Kisumu inayopitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan ni ya njia moja. Treni ikiwa imo katika kipande, nyingine haiingii mpaka ya kwanza itoke. Semafori ya Dijkstra ni namba tu. Anayeingia huipunguza, anayetoka huiongeza, na akikuta haipunguziki hulala mpaka aamshwe. Alivipa vitendo hivyo herufi P na V kutoka lugha yake ya Kiholanzi, akawaachia Waingereza na Wamarekani wahangaike nazo.

Lakini semafori peke yake haikuondoa hatari kubwa zaidi, nayo ni kungojeana milele. Programu ya kwanza imeshika kichapishi na inataka kurasa za kumbukumbu. Ya pili imeshika kurasa na inataka kichapishi. Hakuna iliyokosea, hakuna iliyoharibika, na hakuna itakayosogea tena. Dijkstra alieleza dawa yake kwa mfano wa mwenye benki. Nitautafsiri kwa chama cha akina mama, maana hicho twakijua vizuri.

Chama kina shilingi 10,000. Kila mwanachama alitaja tangu mwanzo kiasi cha juu kabisa atakachohitaji, na akishakipata chote atamaliza shughuli yake na kurudisha zote. Mama wa Litein alitaja 8,000 na amekwisha chukua 4,000. Mzee wa Kapkatet alitaja 3,000 na amechukua 2,000. Kijana wa Sotik alitaja 9,000 na amechukua 2,000. Sandukuni zimebaki 2,000. Sasa kijana wa Sotik anaomba 1,000 tu. Pesa zipo. Apewe?

La hasha! Hebu pigeni hesabu. Akipewa, sandukuni zitabaki 1,000. Hizo zitamtosha mzee wa Kapkatet, atamaliza na kurudisha 3,000. Lakini mama wa Litein bado anahitaji 4,000 na kijana anahitaji 6,000. Sanduku la 3,000 halimfikishi yeyote. Chama kimekwama, na hakuna aliyeiba hata senti. Kijana akiambiwa angoje, mzee atapewa 1,000 na kurudisha 3,000, zitakuwa 4,000. Mama atazichukua, amalize, arudishe 8,000. Na hapo kijana atapata 7,000 zake zote na chenji ibaki. Niliwapa wenzangu darasani hesabu hii, na wengi walimpa kijana ile 1,000 bila kufikiri, kwa sababu pesa zilikuwa zinaonekana.

Hilo ndilo somo la mwenye benki wa Dijkstra, alilolieleza katika maandishi yake ya miaka ya kati ya 1960 na 1970, wakati wa kujenga mfumo wa THE. Kuwepo kwa nafasi si sababu ya kutosha ya kuitoa. Kiini kinapaswa kujiuliza kama baada ya kutoa kutabaki angalau njia moja ya kila mtu kumaliza.

Ripoti ya mfumo huo ilichapishwa mwaka wa 1968. Humo alieleza kwamba walipoujaribu walipata makosa madogo madogo tu ya uandishi, takriban moja kwa kila maagizo 500, nayo yalionekana upesi. Wengi hawakuamini. Na kule Eindhoven kwenyewe kazi hiyo haikumletea shangwe. Wanahisabati wa chuo hawakuona hisabati ndani yake, na kikundi chake kikavunjwa. Dijkstra aliingiwa na huzuni nzito iliyomfanya mgonjwa kwa muda mrefu. Alijitibu kwa kuandika. Maandishi aliyoyatoa wakati huo, juu ya kuzipanga programu kwa utaratibu unaoeleweka, yalisambaa duniani kote, na mwaka wa 1972 akatunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa tarakilishi ni kama Nobel.

Jina la kiini lilikuja kupata nguvu kutokana na kazi ya Per Brinch Hansen, wa Denmark, aliyeusoma mfumo wa THE na mwaka wa 1969 akaeleza mfumo wa tarakilishi ya RC 4000, uliojengwa kuzunguka kiini kidogo. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kiini cha Linux, na hicho ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android. Ukikichunguza utakuta yale yale ya Dijkstra katika mavazi mapya. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, mara nyingi za baiti 4,096. Programu ya kifaa inayohudumia kikatizo hairuhusiwi kulala ikingoja nafasi, kwa hiyo huomba kwa namna ya pekee: nipe sasa hivi, au niambie huna. Vifaa vingi vya leo huandika vyenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kwa kichakataji, na vingi kati ya hivyo haviwezi kuruka kutoka ukurasa huku hadi ukurasa kule. Vinataka kurasa zinazofuatana, kama mistari ya chai isiyo na pengo. Simu ikishatumika kwa siku nzima, nafasi iliyobaki huwa imetawanyika vipande vipande, na kamera ikiomba kipande kikubwa hukosa ingawa ukijumlisha nafasi ipo. Kwa sababu hiyo mwaka wa 2012 Linux iliongezewa utaratibu wa kutenga eneo zima mapema. Programu za kawaida hukaa humo kwa muda, na kamera ikilihitaji zinahamishwa.

Mwenye benki mwenyewe, lazima niseme ukweli, hatumiki sana katika viini hivyo. Ni vigumu kila programu kutaja mapema upeo wa haja zake. Simu nyingi hufanya jambo la kikatili zaidi: nafasi ikiisha, kiini huchagua programu moja na kuiua. Dijkstra hangefurahi, nafikiri.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu rahisi. Alizidharau hadharani lugha za COBOL na BASIC, na wako walioumizwa na ulimi wake. Alipenda Mozart na alikuwa na piano nyumbani. Ajabu zaidi, mtu huyu kwa miaka mingi hakuwa na tarakilishi yake. Aliandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri ajabu, akazipa karatasi zake namba zenye herufi EWD na kuwatumia marafiki nakala, nao wakazinakili kwa wengine. Zilipita 1,300. Mwaka wa 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka wa 1999. Yeye na Ria walikuwa na gari dogo la kulala safarini, walilolitumia kuzuru mbuga za taifa za Marekani.

Mapema mwaka wa 2002, akiwa mgonjwa wa saratani, alirudi kwenye nyumba yao ya Nuenen, karibu na Eindhoven. Alifariki hapo tarehe 6 Agosti 2002, akiwa na miaka 72. Mwaka uliofuata tuzo ya kila mwaka ya wataalamu wa tarakilishi zinazoshirikiana ikapewa jina lake. Karatasi zake zimehifadhiwa Texas, na ndani ya kiini cha Linux semafori bado ipo, ikipunguzwa na kuongezwa.